Sista Quinter Aoko na Daftari la Nyonga

Sista Quinter Aoko ametumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja, ishirini na mitano kati ya hiyo ndani ya thieta ya upasuaji. Jumatatu, tarehe 30 Novemba 1998, atastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nimejaribu, lakini nina hasira, na Sista mwenyewe alitufundisha kwamba jipu halifunikwi kwa bandeji.

Alikuja kutoka upande wa ziwa mwaka wa 1967 bila neno hata moja la Kipsigis, lugha ya wenyeji wa hapa. Leo wazee wa Belgut wakimsikia akiongea varandani wanadhani ni jirani yao. Operesheni za kubadilisha nyonga zilipoanza hapa mwaka wa 1984, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukoroga simiti inayoshikilia chuma ndani ya mfupa wa paja. Maagizo ya pakiti yalitaja dakika. Sista aligundua kwamba kwenye baridi ya Kericho ya mwezi wa Julai simiti huchelewa kukaza, basi akaacha saa na kuamini glavu yake: simiti ikiinata, bado haijawa tayari. Daktari mgeni mmoja alinyoosha mkono mara tatu, na mara tatu akanyimwa. Tulikuwa tukimtania kwamba hata ugali wa nyumbani kwake haupakuliwi kabla ya kupimwa hivyo.

Mwaka wa 1993 zikaja nyonga za aina ya pili, zisizotumia simiti. Chuma chake kina ngozi ya kukwaruza, na mfupa wenyewe hukua polepole ukakishika. Mpaka ushike, mgonjwa anatakiwa kutembea kwa magongo wiki sita bila kuuelemea mguu. Tuliambiwa ndizo zitakazodumu zaidi. Sista hakubisha. Alinunua daftari, akaanza kulinganisha.

Wagonjwa wengi hawakurudi kliniki, kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa pia siku ya kuchuna majani chai. Kwa hiyo akawafuata kwenye vituo vya kupimia majani, Jumamosi zake za mapumziko. Aliwatazama wakipanda mteremko na vikapu mgongoni, akawauliza kama paja linauma wanapoinuka baada ya kukamua ng'ombe.

Baada ya miaka mitano, kati ya wagonjwa thelathini na wanane wa simiti, wawili nyonga zao zilikuwa zimelegea. Kati ya kumi na tisa wasio na simiti, ni sita, na wote ni akina mama wazee walioweka magongo chini mapema. Mama Chepkurui wa Sosiot, mjane, alirudi shambani wiki ya tatu. Chuma kilizama, akapasuliwa upya. Kiplangat, dereva wa trekta mwenye mfupa imara na mke wa kumchunia, hana simiti na anatembea vizuri hadi leo. Sista aliliandika hilo pia, maana hakuwa akitafuta ushindi.

Machi mwaka huu kamati ya vifaa iliamua kuacha simiti kabisa, eti aina moja ni rahisi kuipanga stoo. Sista aliwapelekea daftari. Nilikuwepo. Aliwaambia, "Majani haingoji mfupa ishike. Nyinyi mnaambia mama mzee akae wiki sita, sasa ni nani atamchunia?" Mwenyekiti alimjibu kwamba utafiti si kazi ya nesi. Daftari halikufunguliwa hata ukurasa mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, ila hapa kwetu anayekataa kusikia ni mmoja na mwenye kuvunjika guu ni mwingine. Leo mwenyekiti huyo huyo atamkabidhi Sista saa ya ukutani na kuusifu uangalifu wake. Inaniudhi kupita kiasi.

Jumanne, siku moja tu baada ya Sista kuondoka, orodha ya thieta ina Mama Yunia, miaka sabini na mmoja, mjane mwenye shamba la majani na hana msaidizi. Ameandikiwa nyonga bila simiti, ilhali stoo zimebaki pakiti nne za simiti. Mimi ndiye ninayewapa wagonjwa dawa ya usingizi. Kwa hiyo naandika hapa, kwenye programu ya sherehe hii ambayo mwenyekiti ameshika mkononi mbele ya wageni wake: Mama Yunia hatapata sindano yangu mpaka niione simiti mezani.

Asante, Sista, kwa kila mguu uliousimamisha. Nenda kapumzike, ule mboga za shamba lako mwenyewe, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Jumanne tuachie sisi.

Johana Mogaka, Idara ya Dawa za Usingizi