Sista Kavinya na Bahasha Alizokataa Kujaza

Sista Mirriam Kavinya anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 1997, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, kumi na tisa kati yake katika zahanati yetu hapa Umoja. Kamati ya wafanyakazi iliniomba niandike wasifu wake kwa sababu niko kidato cha tatu na insha zangu zinasomeka. Bwana Zedekiah Muasya, msimamizi, aliniambia niweke mambo matamu tu.

Matamu yapo. Kwenye dirisha lake la dawa, mwenye kidonda au koo lenye usaha alipewa kapsuli za antibayotiki pamoja na tembe za vitamini C za rangi ya machungwa. Kapsuli ziue vijidudu, alisema, vitamini isaidie mwili kujijenga. Dozi ya kwanza ulimeza mbele yake. “Fungua. Inua ulimi. Ya machungwa umemaliza, hii nyingine unamwekea nani?” Watoto wa mtaa mzima tulimwita Sista Machungwa. Hakuna aliyewahi kumdanganya.

Januari 1995 kapsuli ziliisha. Bwana Muasya akaagiza tupewe vitamini C peke yake, katika bahasha zilezile za dawa, ili foleni iende nyumbani kimya. Sista alikataa. Kwenye kila kadi aliandika: “Kapsuli hazipo. Tafuta kwingine leo.”

Nilikuwa hapo, nimembeba mdogo wangu Koki, sikio likitoa usaha. Mama alifoka: “Dawa mmeficha, halafu mnatuletea madharau.”

Sista akamjibu polepole, “Mama Mumo, nikikupa hizi peke yake utatulia, na sikio litaendelea kuoza. Nenda hospitali ya misheni sasa hivi.”

Tulienda, tukapata kapsuli. Leo Koki anasikia kwa masikio yote mawili.

Baadaye ukaitishwa mkutano kuhusu malalamiko ya wazazi. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno la kumtetea Sista. Nilikuwa nalo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikatazama viatu vyangu. Sista akapewa barua ya onyo kwa “kuwanyima wagonjwa dawa”, akaondolewa dirishani, akawekwa kupanga kadi. Miaka miwili sasa. Kila tukikutana ananiuliza habari za Koki, nami natamani ardhi inimeze.

Nina hasira. Na mkutano ule, na Bwana Muasya anayemwandalia keki huku barua iko kwenye faili, na zaidi na mimi mwenyewe. Ijumaa faili inafungwa, na barua hiyo ndiyo itakayosimulia kazi yake. Kwa hiyo karatasi hii nimempa Perez, mpiga chapa, moja kwa moja, bila kuipitisha kwa Bwana Muasya.

Bwana Muasya, iondoe barua hiyo kabla ya Ijumaa. Ukitaka shahidi, niite mbele ya watu wote. Nitasema, hata sauti ikitetemeka.

Sista, asante kwa sikio la Koki. Ukapumzike kwenu Mwingi kwa afya na amani, miaka mingi.

Mumo Muthama