Karatasi za Fundi

Mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake, fundi cherehani, dada mtu alipanda basi kwenda kulifungua duka la marehemu. Alikuwa amekaa mbele, ufunguo mkononi, aliposikia nyuma yake sauti ya mwanamke aliyemjua.

"Fundi yule nilimlegeza kwa macho tu, mama yangu. Alipokolea, nikambebea karatasi zake zote za kukatia magauni, nikafungua duka mkabala na lake."

Macho tu, na miezi minane ya kula chakula alichopika dada mtu.

"Huna haya, mwanangu!" alisema mama mwenye trei ya mayai mapajani.

"Haya ya nini? Nikashona magauni sita ya harusi. Bibi harusi kuinama akate keki, gauni likapasuka mgongoni! Ya wasimamizi nayo yakafuata. Kumbe fundi alichora karatasi bila nafasi ya mshono. Alikuwa akiiongeza kwa jicho tu wakati wa kukata kitambaa. Hakuniambia!"

"Ungemuuliza saa ngapi, nawe unaiba?"

Dada mtu nusura acheke, akakumbuka kaka yake alivyokufa akiwa bado analichungulia lile duka la mkabala.

"Sasa sipati hata wa kupunguza suruali. Naenda kumwomba dada yake kazi. Magoti sipigi, machozi sitoi. Akinifukuza, kesho narudi."

"Atakutoa kwa mkasi!"

"Basi na aunoe."

Basi likasimama. Dada mtu akashuka wa kwanza bila kugeuka, ufunguo ukimuuma kiganjani, na visigino vya yule mwanamke vikamfuata.