Dinah Wakesho na Nafasi ya Ubavuni

Msikilizaji mpendwa, uwe jikoni Wembley au ndani ya basi Tottenham, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Dinah Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, mtunza wazee hapa London. Dinah Wakesho, mama yake Natasha.

Jumapili yake ya kwanza Tottenham, Dinah alikwenda kanisani. Lo! Kanisa la mawe, kubwa ajabu, na ndani watu sita. Sita tu! Kila mmoja na benchi lake, utadhani wamegombana. Dinah alizoea mabenchi ya kwao, ambako watu hubanana hadi wa mwisho hukalia ukingo tu. Basi akaenda moja kwa moja kwa mzee wa Kiingereza, Bwana Harrison, akaketi ubavuni mwake. Bega kwa bega. Mzee akasogea. Dinah naye akasogea. Mzee akasogea tena, mpaka ukuta ukamzuia.

Nyumbani, aliposimuliwa, Natasha alishika kichwa. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba hapa watu hawakai hivyo, ni aibu.

"Aibu gani, mwanangu?" Dinah akacheka. "Sasa yule mzee akilia, nani atamshika mkono?"

Kanisa lenyewe lilikuwa limepewa onyo: watu wasipoongezeka, litafungwa, pajengwe nyumba za kupangisha. Dinah akaomba. Kisha akaota. Katika ndoto, mwanga wa asubuhi ulipita kwenye vioo vya rangi, ukamwagika sakafuni kama sharubati. Mabenchi yote yamejaa, watu wamebanana, wanaimba polepole. Ubavuni mwake tu palikuwa wazi. Dinah alijua ni pa nani.

Tangu siku hiyo aliweka mkoba wake pale. "Pana mtu hapo," alisema, mwaka baada ya mwaka. Lakini Natasha hakuja. Si mtoto mbaya, jamani. Ni nesi, anachoka, na imani aliiona ni mambo ya Mama.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana Harrison aliacha kusogea. Alikuwa mjane, akija kanisani kwa ajili ya ukimya tu. Jumapili moja akajikuta anaomba. Akaja Josée, Mkongomani, na wanawe. Wakaja majirani Waingereza, wakiona haya. Mabenchi matatu ya mbele yakajaa. Matatu tu, tusidanganyane. Lakini mlango haukufungwa.

Mwezi Machi Dinah alilala, hakuamka. Moyo ulisimama.

Jumapili baada ya maziko, Natasha aliingia kanisani, akaketi nyuma kabisa, peke yake, koti hajavua. Bwana Harrison akamwona. Akainuka kule mbele, fimbo mkononi, akaja taratibu katikati ya wimbo, akaketi ubavuni mwake. Bega kwa bega. Natasha akasogea. Mzee naye akasogea. Natasha akasogea tena, mpaka ukuta ukamzuia.

Hapo alicheka. Kisha akalia kama mtoto, na mzee akamshika mkono.

"Nafasi yako iko mbele," mzee alimwambia. "Mama yako aliishikilia miaka yote hii."

Wakaenda pamoja.

Pole sana, Natasha. Poleni Wundanyi, poleni Tottenham. Mungu amlaze pema Dinah Wakesho. Nawe msikilizaji, Jumapili hii ukimwona mtu peke yake mwisho wa benchi, usimpungie mkono kwa mbali. Nenda ukakae naye.