Daftari, Aliyetia Chumvi Akanyamaza

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Bibi alipenda kusimulia kwamba siku hiyo sindano ya cherehani ilikatika mara mbili, na kwamba mtoto alipotoka alilia kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi kwa usumbufu. Waliomjua watakubali kwamba hakubadilika sana.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza sekondari Novemba 1972, akiwa wa nne darasani. Wa nne, si wa tatu. Alimsahihisha kila aliyemsifu kupita kiasi. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha afya ya jamii. Kwa kuwa babu hakuwa na uwezo, alisoma bila karo kwa sharti moja, afanye kazi katika jiko la chuo.

Humo jikoni ndimo alimopata jina la Daftari, kwa sababu alikoroga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika daftari la somo la minyoo. Mpishi mkuu, mtu wa sauti kubwa na moyo laini, aliitwa Jemadari. Lakini aliyemfundisha kazi hasa ni mpishi wa sufuria kubwa, mwanamke aliyemzidi miaka sita, ambaye jiko zima lilimwita Dada Sufuria. Alimfundisha kunusa wali kabla haujashika chini, kukata vitunguu bila kutoa machozi (hapo hakufaulu), na kula kwanza yeye kabla ya kufungua dirisha la kugawia, maana "mwenye njaa hapimi sawa." Baba alikuwa na dada wawili wa tumbo moja, lakini alisema huyu ndiye aliyemlea ukubwani.

Jiko lile lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Ukishatia chumvi kwenye sufuria, unageuza kifuniko, kishikio kiangalie chini, ili mwenzako akipita ajue. Jumatano tarehe 11 Juni 1975, wiki ya mitihani, Baba alitia chumvi kwenye maharage ya wanafunzi mia nne, akafunika, akarudi kwenye minyoo yake. Kifuniko hakukigeuza. Dada Sufuria akatoka stoo, akaona kishikio kiko juu, akatia chumvi yake. Chakula cha mchana hakikulika, na msimamizi wa bwalo akaingia jikoni na sahani mkononi.

"Nani katia chumvi?"

"Mimi," akasema Dada Sufuria, "lakini mara moja tu. Kifuniko kilikuwa hakijageuzwa."

"Daftari, na wewe ulitia?"

Baba akasema, "Sikutia."

Alisema hivyo kwa woga. Mwanafunzi aliyeondolewa jikoni aliondoka na chuoni pia, na yeye alibakiza mwaka na nusu. Ikaamuliwa kwamba Dada Sufuria alijisahau akatia mara mbili. Akatolewa kwenye moto, akapelekwa kuosha vyombo. Alijitetea wiki nzima, kisha akanyamaza. Baba alimaliza chuo Novemba 1976 akamwacha pale pale, mikono kwenye maji ya sabuni. Huenda mnashangaa kwamba tunayasema haya mbele ya jeneza lake. Aliagiza mwenyewe yasomwe, na akaonya yasipunguzwe makali.

Aliajiriwa kuwa afisa afya tarehe 3 Januari 1977, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu Machi 2013. Alikagua majiko ya shule, hospitali na hoteli. Wenye hoteli walimkimbia, waosha vyombo walimpenda. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, anawasalimia hao kwanza, anawauliza habari za mikono na migongo yao, ndipo anakwenda kumtafuta mwenye mali. Sisi wanawe tulidhani ni unyenyekevu tu.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama yetu, aliyesoma naye chuo. Mama ndiye aliyekuwa akirudisha sahani dirishani: mara wali mbichi, mara mchuzi maji matupu. "Alirudisha mara tatu," Baba alitusimulia kila mwaka siku ya harusi yao ilipofika. "Ya nne nikaona heri nimuoe, akalalamikie nyumbani." Mama hujibu bila kuinua macho, "Na wali bado mbichi." Walijaliwa watoto wanne, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kupika wali.

Februari 2018 madaktari walituambia kwamba figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki alilala hospitalini akisafishwa damu, na hapo ndipo alipoanza kuwataja watu wa jikoni, nani alikuwa mcheshi, nani alikuwa mkali, nani alishatangulia. Mwezi Julai alimweleza habari ya kifuniko binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

"Baba, ni maharage tu," binti akasema. "Nani anakumbuka?"

"Si maharage, mwanangu. Mimi nilisema sikutia. Nitafutie dada yangu nimwambie kwa mdomo wangu, kabla sijaondoka."

Jemadari alikuwa amefariki, lakini mwanawe, mwenye duka la mikate, alijua anakoishi Dada Sufuria. Alhamisi tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, Dada Sufuria aliingia chumbani kwa Baba akiwa na mkongojo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Walicheka sana kumkumbuka Jemadari. Kisha Baba akamwambia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba ilimchukua miaka arobaini na mitatu.

Mgeni wetu akaulaza mkongojo wake sakafuni.

"Unajua mimi nilidhani nachanganyikiwa?" akasema. "Nina miaka ishirini na nane, nasahau kama nimetia chumvi! Tangu siku ile sijajiamini. Nafunga mlango, narudi kuuangalia. Nazima jiko, narudi kuliangalia. Marehemu mume wangu alikuwa ananicheka. Kumbe macho yangu yalikuwa mazima."

"Yalikuwa mazima, dada. Nisamehe."

"Leo siwezi. Niache nikasirike kwanza, Daftari. Sijawahi kupata nafasi ya kukasirika hata siku moja. Nitarudi."

Alipotoka, binti alipandwa na hasira: mtu gani huyu asiyemsamehe hata mgonjwa? Baba akamkataza. "Mwache. Hasira ni yake, msimharakishe." Mchana huo aliomba chakula akakimaliza, jambo tulilokuwa tumelisahau. Tangu siku hiyo, kila mlango ulipofunguliwa, aliuliza nani kaja. Aliuliza kwa upole, siku kumi. Alifariki Jumapili tarehe 16 Septemba 2018, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba, na dada mmoja wa kuzaliwa naye, kwani mwingine alishatangulia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumempelekea mpiga chapa. Lakini juzi Jumanne, saa sita mchana, Dada Sufuria alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba, akaona viti vimepangwa nje, akaelewa. Alikaa na Mama muda mrefu, wakalia pamoja. Ndipo akaomba mambo mawili: aandikwe miongoni mwa waliofiwa, na maneno yake yasomwe kama alivyoyatamka.

"Daftari, mdogo wangu, nimekusamehe. Nimechelewa siku mbili. Wewe ulichelewa miaka arobaini na mitatu, kwa hiyo usinilaumu."

Basi tumemrudia mpiga chapa, tukasahihisha. Marehemu ameacha dada wawili. Apumzike sasa, na amani iwe yake.