Lemuel Grady Tolliver, Mpishi wa Pipa la Moshi (1948–2023)

Marehemu Lemuel Grady Tolliver alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, nje kidogo ya mji wa Opelika, Alabama, mtoto wa kwanza wa Mzee Hosea na Mama Ruby Tolliver. Mimi ninayewasomea ni Verlene, dada yake, kitinda mimba. Wifi yangu Earnestine ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu, akisema namjua Lem kuliko wote. Nimeuandika kwa aibu, na mtaiona aibu yenyewe.

Alimaliza sekondari mwaka 1966, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo na kupanda hadi kuwa fundi wa boila, ule mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu bila ajali. Lem aliamini kipimo, si macho.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Earnestine Pruitt, wakajaliwa Clarice na Dewitt. Walipotimiza miaka kumi ya ndoa, Earnestine alimnunulia lile pipa la kupikia nyama kwa moshi: mkaa chini, beseni la maji katikati, nyama juu. Hakuacha maji yakauke, na hakuepua kuku mpaka kipimajoto, kimechomekwa pajani mbali na mfupa, kisome nyuzi 165 za Farenhaiti. Sisi wenye njaa tulimsumbua.

"Kaka, huyo kuku anapikwa au anasomeshwa chuo?"

"Verlie, funga mfuniko! Unatoa joto bure. Kuku hana pa kwenda."

Kila Agosti, siku ya wana wa kanisa kurudi nyumbani, kuku walikuwa wake. Mwaka 2004 alilazimika kwenda kumchukua Mama, akaniachia pipa. Aliniambia, "Wakifika 165 waepue, uwaweke kwenye sinia safi lililoko mezani jikoni. Lile walilowekwa wakiwa wabichi usiliguse." Nikaitikia. Kuku waliiva sawasawa. Lakini wageni walikuwa wanaingia, nami nilitaka waone ni mimi niliyepakua. Sinia la kuku wabichi lilikuwa pale pale miguuni pangu. Nikalifuta ile damu kwa kitambaa tu, bila kuliosha, nikawapanga humo walioiva.

Watu kumi na wanne waliugua. Mama Mattie Crume, shemasi wetu, alilazwa siku tisa. Wazee wa kanisa walipouliza nani alipika, Lem alisimama akasema, "Moto ulikuwa wangu." Wakamwondoa kwenye kamati ya chakula. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, nikatazama viatu vyangu.

Baada ya hapo utani ulikuwa, "Lem, leo unatumaliza na nini?" Mliusema wengi, lakini aliyeuanzisha ni mimi, na nilicheka kuliko nyote. Pipa akalifunika turubai. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwomba hata paja moja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Oktoba mwaka huu nilikaa kando ya kitanda chake nikajikaza.

"Kaka, siku ile ya kuku... lile sinia..."

"Nilijua siku ile ile, Verlie. Niliporudi nililikuta sinia safi mezani, kavu, hata tone la mafuta halina."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwahidi nitasema kanisani Jumapili ijayo. Zikapita Jumapili tatu, na kila Jumapili nilikuwa na udhuru. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Earnestine alikuwa amemshika mkono. Katika ibada zote hizo tatu Lem alimtuma Dewitt aje, kisha akamuuliza aliporudi kama Shangazi Verlene alisimama kusema chochote.

Ameacha mjane, Earnestine, watoto wawili, Clarice na Dewitt, wajukuu watano, na Mama Mattie Crume, ambaye yuko hapa leo na bado anaamini kwamba Lem ndiye aliyemlaza hospitali. Mama Mattie, ni mimi. Ameacha pia dada mmoja, ambaye leo ndiyo kwanza amesimama.

Lem, pumzika kwa amani. Nimesema, na wewe hukunisikia.