Nani Atasimama Kumuuliza Diwani

Hebu piga picha hii kichwani. Ni asubuhi, jua bado halijaanza kuchoma, katika kijiji kimoja kilicho njiani kuelekea Sirari, mpakani. Ubao mrefu umelazwa juu ya ringi mbili za lori, na mbele yake birika kubwa limekaa juu ya jiko la mkaa. Hapo ndipo kijiweni. Aliyeinama kupepea moto ni Wegesa, mwenye kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna zahanati, na ubavuni mwa zahanati kuna chumba cha kujifungulia ambacho kuta zake zilifika usawa wa madirisha zikakomea hapo. Hakina paa. Mbuzi wanaingia na kutoka pale ulipotakiwa kuwa mlango. Kila Wegesa akiinua macho anawaona mbuzi wale, na kila akiwaona anarudisha macho kwenye moto.

Fedha za kumalizia chumba kile zilikuwepo. Lakini Benki ya Jembe, benki ndogo ya wakulima na wafugaji, ilipokaribia kufa, madiwani walikaa kikao wakapiga kura fedha hizo ziende kuinusuru. Diwani wao, Sadock, aliunga mkono. Leo saa nne anakuja mkutanoni kutoa maelezo, maana uchaguzi umekaribia. Na nyumbani kwa Wegesa kuna Esta, mke wa mwanawe Ryoba, mwenye mimba ya miezi minane na nusu. Mwaka jana Esta alijifungulia barabarani, wakiwahi hospitali ya mjini kwa bodaboda. Mtoto hakulia.

— Leo Sadock atajuta kuzaliwa! alinguruma Injini, fundi pikipiki, na ubao wote ukatikisika. Mama Ryoba, nipe ya moto moto. Leo nahitaji nguvu.

— Utaratibu, mura, kijana, utaratibu, alisema Spika. Huyu alikuwa karani wa ushirika zamani, na hata kijiweni hakupenda mtu aongee kabla hajamruhusu. Kwanza tujue fedha zilikwenda wapi. Injini, una dakika moja.

— Dakika ya nini? Benki haikupewa hata senti! Zile pesa zilivuka mpaka kwenda Isebania ndani ya tangi la maziwa. Dereva namjua. Nilimtengenezea breki.

— Wacha uongo, alidakia wa tatu, Dola, mbadilisha fedha wa mpakani, ambaye Kiswahili chake nusu alikiokota upande wa pili. Pesa ikivuka border mimi ndiye wa kwanza kusikia. Shida ni chakula. Siku ya kikao walipikiwa pilau. Ulishaona mtu ameshiba pilau anakataa kitu? Anainua mkono tu.

— Na mimi nimesikia Sadock hakuinua mkono kukubali, alisema Injini. Alikuwa anajikuna kwapa. Mwenyekiti akamhesabu.

— Sasa akajikunie wapi, bungeni? Dola aliuliza.

Walicheka. Wegesa hakucheka. Aliwamiminia, na kahawa ikamwagika kidogo kwenye sahani ya Spika. Spika aliitazama ile kahawa, akamtazama na aliyeimwaga.

— Mama Ryoba, mkono wako leo una nini?

— Baridi, alijibu Wegesa, ingawa alikuwa amekaa karibu na jiko.

Hakuwaambia alichokuwa nacho kwenye kibindo chake. Kilikuwa kitabu kidogo cha Benki ya Jembe, kona zake zimelegea kwa jasho. Miaka miwili aliweka kidogo kidogo, ili siku ya Esta ikifika akodi gari zuri lisilorukaruka. Benki ilipoanza kufunga dirisha saa tano badala ya saa tisa, hakulala siku nne. Barua ya kumwomba diwani aiokoe benki ilipopita nyumba kwa nyumba, alikimbilia wino kabla ya kuulizwa, akabonyeza kidole gumba chake. Benki ikaokolewa. Akiba yake ikarudi yote. Wiki iliyofuata mafundi wakakusanya vyombo vyao pale zahanati, wakaondoka.

Tangu hapo hakuweza kuwatazama wale mbuzi kwa utulivu. Fedha za gari la kumpeleka Esta mbali alizipata, na chumba cha kumpokea Esta karibu kikapotea, na vyote viwili vilipita kwenye kidole kimoja.

— Mimi nawaambia, Spika alikuwa akiendelea, benki yenyewe haikuwa na ugonjwa. Meneja alipoteza funguo za kasiki. Akaona aibu kusema, akatangaza kufilisika.

— Funguo tu?

— Funguo tu! Na sasa zile fedha zetu zimekaa juu ya zile za zamani, mle mle ndani, na funguo hazijaonekana mpaka leo.

— Basi mimi wiki iliyopita nilitoa wapi milioni nne zangu? Dola aliuliza, kisha akafumba mdomo haraka kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Vikombe viwili vilishushwa kwa pamoja.

— Kumbe nawe ulikuwa nazo kule, Injini alisema taratibu.

— Kidogo tu. Za biashara.

— Milioni nne ni kidogo?

— Na wewe acha kunikodolea macho. Zile tairi mbili mpya pale kwenye pikipiki yako alikununulia nani kwenye kampeni hizi, kama si Sadock?

— Hizo ni tairi! Injini alipaza sauti. Tairi si kura!

Kabla Spika hajawapa wala kuwanyima ruhusa, gari la matangazo lilipita likiwarushia vumbi. «Wananchi wote, saa nne kamili, mheshimiwa diwani atatoa ufafanuzi! Njooni na maswali yenu!» Sauti ilififia kuelekea kilimani, ikaacha watu watatu wakipangusa vikombe.

Ndipo Esta alipotokea. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mfuko wa kashata alizotumwa na mkwe wake kuzileta. Aliwaamkia wote shikamoo, wakaitikia marahaba kwa pamoja kama watoto wa darasani. Injini aliinuka akampisha. Esta alikaa, akashusha pumzi, akalitazama lile jengo lisilo na paa.

— Nimesikia tangazo, alisema. Nani atasimama kumuuliza?

Injini alianza kukagua kucha zake zilizojaa grisi.

Lilikuwa swali jepesi, na ugumu wake waliujua wenyewe. Katika mkutano wa kijiji hicho mtu haulizi akiwa amekaa. Anakwenda mbele, anapokea fimbo ya wazee kutoka kwa Tata Nchagwa, mzee wa mila, na kabla ya kumgusa mwingine kwa neno lolote anasema kwanza mkono wake mwenyewe umegusa nini katika jambo lile. Akificha, na mtu mwingine akamtaja, fimbo inachukuliwa, na swali lake linakufa hapo hapo.

— Spika, wewe ndiye msemaji, alisema Dola.

— Mimi... Spika alikohoa. Mimi nina tatizo dogo la kiutaratibu.

— Lipi?

— Ile barua ya kuomba benki iokolewe. Mwandiko ni wangu.

Injini akapiga paja lake. — Ala! Na umekaa hapa saa nzima unatafuta funguo za kasiki!

— Walimu walikuwa na ada za watoto wao mle! Kuna mjane aliuza ng'ombe watatu akaweka mle! Ningeacha? Sauti ya Spika ilipanda, halafu ikashuka. Niliandika aiokoe. Fedha za kutoka wapi, sikuandika. Sikufikiria.

— Basi Dola asimame, alisema Injini.

— Nikasimame na milioni nne? Sadock atanishukuru mbele ya watu wote.

— Kwa hiyo hakuna, alisema Esta. Hakulaumu. Alisema kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, akaweka mkono juu ya tumbo lake. Anapiga teke leo, aliongeza. Tangu alfajiri.

Wegesa aliusikia ule mkono kana kwamba umewekwa juu ya tumbo lake yeye. Alichukua birika, lililokuwa bado na nusu nzima, akalimimina lote juu ya mkaa. Moshi mweupe uliwafunika.

— Mama Ryoba! Kahawa!

— Imeisha, alisema Wegesa. Esta, mwanangu, nishike mkono tuvuke twende mkutanoni.

Njiani aliyarudia maneno yake moyoni, na kila mara yalipotea pale pale, kwenye neno kidole. Nyuma yake aliusikia ubao ukilia, kama unavyolia mtu mzito anapoinuka, kisha ukalia tena, na tena. Hakugeuka.

Saa nne na nusu Tata Nchagwa alinyoosha fimbo, akauliza nani anaitaka. Sadock alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ile barua ya benki imekunjuliwa mapajani. Wegesa alipokwenda mbele, diwani alilipata jina lake na alama ya kidole chake kwenye karatasi, akatabasamu. Alidhani anakuja kushukuru.

— Mimi Wegesa, alisema, fimbo mkononi. Nilikuwa na akiba Benki ya Jembe. Nimerudishiwa yote. Kidole changu kipo kwenye barua hiyo, isome kwa sauti ukitaka.

Watu walinong'ona. Sadock aliacha kutabasamu. Barua ile ndiyo ilikuwa jibu lake, na mama huyu alikuwa ameshalisema.

— Nilikuomba uiokoe benki. Hukurudi kutuambia utachukua fedha za chumba cha wazazi, na mimi sikuja kukuuliza. Sasa nauliza. Mkwe wangu amebakiza wiki mbili. Paa linawekwa siku gani? Taja siku.

Sadock aliigeuza barua. Nyuma hapakuwa na kitu.

Nyuma ya Wegesa watu watatu walikuwa wamekwisha kupanga mstari kuisubiri fimbo, na wa kwanza alinukia grisi. Alichojibu diwani utakisikia kwa wengi, kila mmoja na namna yake. Wewe ukumbuke moja tu, tafadhali: kabla ya kumwomba mwenzake jibu, Wegesa alianza kwa kutaja lake.