Kasida ya Safia na Ufunguo wa Papa Hippolyte

Mgeni rasmi, Papa Hippolyte. Mwalimu Moussa wa madrasa. Jean-Marie, karani wa parokia, uliyetufungulia chumba hiki. Wababa na wamama mliojaa mpaka dirishani,

MAKARIBISHO

Tunakupokea kwa furaha tusiyoweza kuificha. Tangu asubuhi tumekuwa tukisikiliza kila pikipiki inayoingia kwa barabara ya Kindu, na kila iliyopita bila kusimama tuliitukana kimoyomoyo. Sasa umefika, una vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, nasi tumekukalisha kwenye kiti chenye kitambaa ambacho tulijua ungekikataa. Wewe ni fundi, umezoea kuona risala zikisomewa wakubwa. Leo mkubwa ni wewe, kaa vizuri.

Ulipouliza kwa simu unaitiwa nini, katibu wetu Amisa, ndiye huyu anayesoma, alikujibu kwamba utaambiwa ukifika. Basi tunakuambia: tumekuita kwa ajili ya kile kidude cha plastiki tulichokuomba uje nacho, na kwa ajili ya Mama Aicha.

TULIKOTOKA

Mama Aicha unamwona pale karibu na mlango, mwenye mtandio wa kijani. Ulipokuwa kijana ukifanya kazi hapa parokiani katika ule mradi wa kuhifadhi maandishi ya zamani, yeye alikuwa mchumba wa Yakubu. Mama yake, marehemu Safia, alikuwa mtunzi wa kasida za harusi, na hapa mjini msichana aliyeolewa bila kasida ya Safia alionekana kama ameazimwa tu. Binti yake mwenyewe, huyu huyu Aicha, alipochumbiwa, Safia akakaza mshipi. Kwa desturi yetu, bibi harusi hasikii kasida yake kabla ya siku yake, kwa hiyo Safia akawa anamtuma Aicha sokoni, kisimani, popote, ili apate nafasi ya kutunga. Aicha alijua. Alikuwa akirudi polepole kwa makusudi.

Safia aliandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu. Karatasi hizo alizileta hapa kwa mikono yake, Jean-Marie akazipitisha kwenye skana, nawe ukaziweka kwenye diski, zile sahani ndogo zinazong'aa. Kisha vita ikafika. Nyumba iliungua na karatasi zote. Familia ikakimbilia Wamaza, na huko Aicha akaolewa pasipo ngoma wala wimbo, kwa kuwa sauti ingewaleta wenye bunduki. Wamama walimvalisha wakinong'ona. Safia akamwambia, "Usilie, mutoto wangu. Wimbo yako iko. Tukirudi Kasongo, nitakuimbia yote."

Hakurudi. Alizikwa Wamaza, na wale aliowafundisha kasida hiyo ama wamefariki ama hatujui waliko. Mama Aicha ndiye sauti yetu ya kwanza, ameimba katika harusi za watu wote hapa. Harusi ikiisha, yeye hukaa pembeni akikunja mikeka ambayo hakuna aliyemwomba aikunje. Tunajua anachofikiri.

TULIYOFANIKIWA

Mgeni rasmi, diski ipo. Diski za mradi zilisalia hapa parokiani, na tuliporudi kutoka vitani ziligawiwa kwa familia, na nyingi ziliishia kwenye mashamba ya mpunga, zikining'inia kwa kamba kufukuza ndege. Hatutakuficha, zilifukuza vizuri sana. Ya Safia ilisalia kwa sababu ilikuwa imeandikwa jina lake kwa juu, na Aicha hakukubali jina la mama yake linyeshewe mvua.

Amisa aliipeleka kwenye duka la kompyuta la hapa, kisha Kindu. Mafaili yalionekana, lakini hakuna mashine iliyokubali kuyafungua. Tukaelezwa kwamba picha hizo zilihifadhiwa kwa namna ya kampuni moja ya Ulaya, iliyoibuni kwa ajili ya programu yake peke yake, bila kumwambia mtu mwingine jinsi ya kuisoma. Halafu kampuni ikafunga milango, siri ikaenda nayo. Kijana mmoja kule Kindu alibadilisha zile herufi tatu za mwisho wa jina la faili, ili lionekane ni picha ya kawaida. Ilikuwa ni kumvika mbuzi koti. Faili likabaki lile lile.

Ndipo Jean-Marie akasema, "Lakini ile machini yetu ya zamani iko. Niliifunika na nailo tu."

Tulikuja mbio. Jenereta ikawashwa, kompyuta ikanguruma, programu ikafunguka. Bila ufunguo wake, yaani kile kidude chako, haionyeshi ukurasa mzima, inaonyesha vipicha vidogo, kila kimoja kama ukucha. Maneno hayasomeki, lakini mwandiko unatambulika. Mama Aicha aliinama, akaona mistari ile iliyolalia upande, akasema, "Ni mukono ya mama." Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akakimbilia nje, asije akasoma. Mgeni rasmi, mwanamke mwenye wajukuu, na bado anachunga mwiko wa bibi harusi. Tulilia, tukacheka, jenereta ikaishiwa mafuta na hakuna aliyejali.

Mwalimu Moussa ndiye aliyegundua jambo jingine: Bismillahi, aliyoitambua kwa umbo lake tu, ilikuwa kwenye kipicha cha mwisho. Jean-Marie alizifungua karatasi za Safia kama anavyofungua kitabu cha misa, kwa kushoto, akazichukua picha kutoka mwisho kwenda mwanzo. "Sasa miye ningejua namna gani?" akajitetea. Jean-Marie, hatukulaumu. Ukitupa sisi kitabu chako cha misa, tutaanza na baraka ya mwisho na kwenda zetu nyumbani. Tena umetusaidia, maana hapo ndipo tulipojua kwamba kasida ni nzima, mwanzo wake upo na mwisho wake upo.

KINACHOTUKWAMISHA

Kikwazo ni kimoja, na kimesafiri nawe kwenye pikipiki. Programu inadai ufunguo wake, kile kidude kinachochomekwa nyuma ya kompyuta. Sheria ya mradi ilikuwa fundi aende nacho nyumbani kila jioni. Ulitii sheria, na kesho yake mji mzima ulikuwa unakimbia. Hatuulizi kwa nini kimekaa Kindu muda wote huu. Tunamshukuru tu mkeo, ambaye kwa maneno yako alitaka kukitupa kila alipofagia, na hakukitupa. "Iko mu droo," ulimwambia Amisa, "lakini sijue kama inafanya bado."

Hata sisi hatujui. Na kompyuta yenyewe imezeeka. Jean-Marie anasema kila akiiwasha anasali kwanza. Ikizimika moja kwa moja, hatujui nyingine yenye programu ile. Tunaogopa, mgeni rasmi. Tumefurahi mno leo, na tunaogopa kwa kiasi hicho hicho.

MAOMBI

Tunaomba uchomeke ufunguo. Ukikubali, usiishie kutuonyesha tu. Geuza kila ukurasa uwe picha ya kawaida, inayofunguka kwenye simu ya mtu yeyote, tusibaki tena kumlilia mwenye programu. Nafasi iliyobaki kwenye diski hiyo ilijazwa hadithi za lugha ya Kizimba za babu yake Marie, jirani yetu. Nazo zitoe, amekuja kuzisubiri.

Ukishindwa, tuambie wazi. Wali umeiva na kuku wameshachinjwa, tutakula pamoja, na hutaondoka hapa na lawama yetu.

Ukiweza, Mwalimu Moussa atatusomea, nasi tutajifunza usiku na mchana. Jumamosi tutamtoa Mama Aicha nyumbani kwake kwa kasida ya mama yake, jua likiwaka, kwa sauti itakayofika ng'ambo ya soko. Yakubu ameshashona kanzu mpya na anajifanya hajui lolote.

Ombi letu la mwisho haliendi kwako, mgeni rasmi. Mama Aicha, jenereta inawashwa sasa hivi, na wewe ni bibi harusi. Tafadhali, toka nje.

Mungu amrehemu Safia, awape Aicha na Yakubu Jumamosi isiyo na mvua, na kabla ya hayo yote aibariki mikono yako, Papa Hippolyte, inapoingia mfukoni kuutoa ufunguo.

Ni sisi,
Wamama Waimbaji wa Kasida, Kasongo